Nimpandishe mama treni ya Jasper hadi Prince Rupert wakati wa baridi?

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Edmonton, Kanada, pamoja na mume wangu na watoto wawili. Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa kumi na mbili na atakaa nasi miezi minne. Ana miaka 69, ana kisukari na anajidunga insulini, na magoti yanamsumbua. Marehemu babu alikuwa mtu wa gengi kwenye reli kule Mombo, mama akakulia nyumba za reli. Ameniomba jambo moja tu: nimpandishe treni ya milimani. Nimeona ile inayotoka Jasper, mji wa milimani, kwenda Prince Rupert kwenye pwani, safari ya siku mbili. Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema chuma cha reli huku hukatika kwa baridi, njia ile imetelekezwa, treni huchelewa saa nyingi kwa uzembe, na theluji ikiporomoka kule porini hakuna wa kutuokoa. Rafiki yangu aliyewahi kuipanda aliniambia walisimama katikati ya msitu saa mbili nzima. Je, ni salama? Na kwa nini ichelewe hivyo katika nchi tajiri kama hii?"

Marahaba, binti yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, ya pili kwa ajili ya babu yako tu. Mimi nami ni mtu wa njia. Nilianza kazi ya kutunza reli milimani kati ya Mlimba na Makambako, na miaka mingi sasa naifanya huku Kanada, kwenye baridi. Kwa hiyo ninachokujibu kuhusu chuma, kokoto na theluji ni mambo niliyoyashika kwa mikono. Kuhusu sukari ya mama nitasema machache, kisha nitakutuma kwa wenye kazi yao.

Umeuliza maswali mawili, yaani usalama wa njia na sababu ya kuchelewa. Ila ndani yake kuna la tatu ambalo hukuliuliza waziwazi: mama mwenye kisukari atakuwaje siku mbili mbali na hospitali, kwenye treni ambayo hakuna anayejua itafika saa ngapi? Hilo la tatu ndilo zito. Mume wako anaogopa, na ana haki ya kuogopa, lakini naona hofu yake ameielekeza kwenye chuma, na si huko hatari iliko.

Tuanze na hicho chuma, kwa kuwa alichosema kina ukweli ndani yake. Ndiyo, reli hukatika kwa baridi. Reli za siku hizi huchomelewa zikawa kipande kimoja cha kilomita nyingi, hakuna zile nafasi ndogo ambazo babu yako alizizoea, zilizofanya magurudumu yapige taka-taka, taka-taka usiku kucha. Chuma husinyaa kikipoa. Kilomita moja ya reli ikiachwa huru, joto likashuka nyuzi 60, itapungua urefu kwa karibu sentimita 70. Ila haiachwi huru. Inapolazwa hupashwa moto hadi joto lililokusudiwa, nyuzi 30 na kitu, ndipo inapofungwa kwenye mataruma kwa nguvu. Ikija usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri, reli inataka kufupika na vifungo vinaizuia. Ndani ya chuma kile kunakuwa na mvuto unaozidi tani 120. Penye ufa mdogo, au chomelezi lenye dosari, hapo ndipo inapoachia.

Nimewahi kupiga magoti mbele ya reli iliyokatika namna hiyo, alfajiri moja ya Januari. Pengo lilikuwa la kupitisha vidole vitatu. Ukimulika tochi kwenye uso uliovunjika unaona punje punje zinazometa, kama sukari guru iliyopasuliwa. Tulilaza kamba nene iliyolowekwa mafuta ubavuni mwa reli, mita nyingi kila upande, tukaiwasha. Moto unakwenda polepole, chuma kinapata joto, kinarefuka, na unaliona pengo likijifunga mbele ya macho yako. Kisha tukalibana kwa mabamba na boliti, tukangoja joto lirudi ili lichomelewe vizuri. Kazi hiyo hufanywa kila majira ya baridi, nchi nzima ya Kanada. Haishangazi mtu.

Ninalotaka mume wako alifahamu ni kwamba reli haikatiki kisirisiri. Penye taa za ishara, umeme mdogo hupita ndani ya reli zenyewe. Reli ikikatika umeme unakatika, taa inageuka nyekundu, na treni inasimama kabla ya kufika. Pasipo na taa, mwendo hupunguzwa, na wakaguzi hupita na magari madogo yenye magurudumu ya chuma wakiitazama njia. Baridi ikizidi, mwendo hupunguzwa zaidi na ukaguzi huongezwa. Huko ndiko saa zinakoanza kupotea. Treni ikitambaa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, dereva wake anafanya kazi yake sawasawa.

Sasa uchelewaji wenyewe. Neno "uzembe" linaniuma, nitakueleza kwa kirefu.

Njia ya kutoka Jasper hadi Prince Rupert ina urefu wa kilomita 1,160 na karibu yote ni njia moja. Treni mbili zikikutana, moja lazima iingie kwenye njia ya kupishania, ingojee. Mwenye njia ni kampuni ya mizigo ya CN. Treni ya abiria ni ya VIA Rail, shirika la serikali, na hapo ni mpangaji kwenye nyumba ya mtu. Tena ile nyumba ina shughuli nyingi. Mwaka 2007 Prince Rupert ilifungua gati la makontena, na bandari ile iko karibu zaidi na Asia kuliko bandari nyingine kubwa za pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Kontena linashushwa pale, linapakiwa kwenye treni, linavuka milima hadi Chicago. Juu ya hayo kuna nafaka, makaa ya mawe, gesi, na vidonge vya mbao vya kuni. Mume wako anasema njia imetelekezwa. Njia iliyotelekezwa haipitishi mizigo namna hiyo. Ni njia inayofanya kazi sana, ila abiria si biashara yake.

Treni moja ya mizigo huku hufikia kilomita 3 na zaidi. Njia nyingi za kupishania zilijengwa enzi za treni fupi. Zikikutana treni ya kilomita 3 na ya kwenu yenye mabehewa matatu manne, ipi itaingia pembeni? Ile ndefu haienei. Basi hata muongozaji, yule aliye ofisini anayepanga treni zipishane vipi, akiwapenda abiria kiasi gani, ninyi ndio mtakaojibanza. Ndiyo maana rafiki yako alisimama msituni. Angechungulia dirishani angeona makontena yakipita, moja baada ya jingine, dakika nyingi.

Baridi inaongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Treni husimamishwa kwa breki za upepo. Bomba la hewa iliyoshindiliwa hupita chini ya mabehewa yote, na hewa ikipungua ndani ya bomba, breki zinashika. Mfumo mzuri sana, maana bomba likipasuka treni inasimama yenyewe. Lakini kila behewa linaungwa na jenzake kwa mpira na washa, na mpira ukiganda unakakamaa, unavujisha. Treni ndefu kwenye baridi kali haiwezi kulishikilia bomba lake likajaa hadi mkiani. Kwa hiyo joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi chini ya sifuri, kampuni hufupisha treni za mizigo. Mzigo haupungui, uko palepale bandarini, basi unabebwa na treni nyingi zaidi. Treni nyingi zaidi kwenye njia moja ni kupishana mara nyingi zaidi, na kila mkipishana ninyi ndio mnaongoja. Hivyo ndivyo baridi ya Prince George, mji wa katikati ya njia, inavyowafikisha Prince Rupert usiku wa manane, bila mtu yeyote kuzembea.

Unaweza kusema sheria ingeipa treni ya abiria kipaumbele. Nakubaliana nawe, na nimelisema kazini mbele ya wakubwa. Vijiji vya njia ile vinaihitaji. Kati ya McBride na Prince George reli inafuata mto Fraser na kuachana na barabara kuu, na pale kuna vituo kama Penny ambapo treni husimama ikiwa kuna abiria tu. Dorreen, juu ya Terrace, iko ng'ambo ya mto Skeena, barabara iko upande wa pili. Kwa mtu wa huko treni ile ndiyo daladala yake. Kuichelewesha kwa ajili ya mizigo ya ng'ambo ni dhuluma ya kimyakimya, na sitaipamba. Lakini dhuluma ni kitu kimoja na hatari ni kitu kingine, na swali lako ni la hatari.

Tuje kwenye theluji na mawe. Hapa siwezi kukwambia hakuna kitu. Kipo, na chanzo chake ni namna njia ilivyochorwa. Kampuni ya Grand Trunk Pacific, iliyoijenga, ilitaka reli ambayo kichwa kimoja kingeweza kuvuta mzigo mzito bila kuhema. Ikalenga mwinuko usiozidi mita 5 katika kila mita 1,000 kwa sehemu kubwa ya njia. Ikapitia mlango wa milima wa Yellowhead, wenye urefu wa zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya bahari, huku mlima Robson ukisimama jirani mita 3,954. Mkuu wa kampuni, Charles Hays, hakuiona ikimalizika. Alikufa kwenye meli ya Titanic Aprili 1912, na reli zikaunganishwa karibu na Fort Fraser tarehe 7 Aprili 1914. Mwaka 1919 kampuni ikafilisika. Lakini mwinuko wake mpole ndio unaoifanya bandari ya leo ipate faida.

Bei ya mwinuko mpole ni kwamba lazima umfuate mto, kwa kuwa mto umeshatafuta njia laini kabla yako. Na ukimfuata mto milimani unajikuta kwenye kiuno cha mlima: maji mguuni, jabali kichwani. Kuanzia Terrace kwenda baharini, mto Skeena, reli na barabara vimebanana chini ya miteremko mikali. Pwani ya Prince Rupert hupata mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka, na kule juu mvua hiyo ni theluji. Maporomoko hutokea, ya theluji, ya matope, ya mawe.

Wenye njia wanafanyaje? Kwenye miteremko inayojulikana kwa ubaya wake husimamisha uzio wa nyaya. Jiwe likishuka linakata waya, na waya ukikatika ishara inageuka nyekundu. Wakaguzi hutangulia mbele ya treni mvua kubwa inapopiga au theluji inapolegea ghafla kwa joto. Hatari ikizidi, treni haiendi, abiria hungoja au hutafutiwa basi. Usafiri wako unaweza kufutwa asubuhi ileile, hilo lipokee mapema. Nisingempandisha mama yangu mzazi kwenye gari dogo barabara ya 16 kwenye barafu ya Desemba nikadhani nimemwepusha na hatari, maana barabara inapita chini ya milima ileile, na haina waya wa kumwambia dereva asimame.

Kuhusu "hakuna wa kutuokoa": simu yako itakosa mtandao kwa saa nzima nzima, hilo ni kweli. Wafanyakazi wa treni wana redio. Pembeni mwa njia kuna vibao vyenye namba za maili (reli za huku bado zinahesabu kwa maili), na kwa namba hiyo muongozaji aliye mbali mamia ya kilomita anajua mko wapi hasa. Kwa hiyo mama akijisikia vibaya, usihangaike kwanza na simu. Mwite mhudumu. Yeye ndiye anayeweza kuitisha ambulensi ingoje stesheni ya mbele. Hospitali zipo McBride, Prince George, Vanderhoof, Burns Lake, Smithers, Hazelton, Terrace na Prince Rupert. Tatizo ni mwendo wa kati ya moja na nyingine, na pengine lile la kungoja treni ya makontena ipite.

Hapo sasa ndipo tunafika kwa mama.

Mimi si daktari. Ila nimeona abiria wazee wakipata shida kwenye treni za mbali, na karibu mara zote shida ilitokana na ratiba kuaminiwa kupita kiasi. Mtu amepanga kula saa moja usiku mjini, saa tatu bado yuko msituni, sindano ameshadunga na chakula hakuna. Kabla hujalipa nauli, mpeleke kwa daktari Edmonton, uso kwa uso, akiwa na dawa zake zote mkononi, si majina uliyoyaandika kwenye karatasi. Mweleze daktari hivi: safari ya siku mbili, kila siku inaweza kuongezeka saa tano au sita, hakuna hospitali ya karibu. Muulize afanye nini sukari ikishuka, afanye nini mlo ukichelewa, na je, miguu yake inahisi baridi kama kawaida. Mguu uliopoteza hisia kwa kisukari unaweza kuganda bila mwenyewe kujua, na magoti mabovu yanataka ainuke atembee kila baada ya muda ili damu isitulie. Nenda pia kwa mfamasia. Insulini haitakiwi kuganda, ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Isiingie kwenye begi la mizigo, ikae kwenye mkoba ndani ya koti, karibu na mwili. Chukueni ya siku nne badala ya mbili.

Na bima. Mgeni hana kadi ya afya ya mkoa, na bili ya hospitali ya huku, pamoja na ambulensi, inaweza kukutoa machozi. Soma bima yake kama inagharamia ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani, maana nyingi zina masharti hapo. Kama huelewi maandishi, wapigie simu wakuambie kwa mdomo, na uandike jina la aliyekujibu na tarehe.

Treni yenyewe iko hivi. Mabehewa ni ya chuma kisichoshika kutu, yaliyojengwa miaka ya 1954 na 1955 na kampuni ya Budd ya Marekani. Ni mazee, lakini ni imara, na ndani kuna joto la kutosha. Si treni ya kulala. Unaondoka Jasper mchana, unafika Prince George usiku, mnashuka, mnalala hotelini kwa gharama yenu, kesho asubuhi mnapanda tena. Hoteli iwekwe mapema, na iwe ya kupokea wageni saa yoyote. Stesheni nyingi hazina jukwaa la juu. Mhudumu huweka kigoda chini ya mlango na abiria anapanda ngazi za chuma zilizosimama. Kwa magoti ya mama, waambieni wakati wa kukata tiketi kwamba anahitaji msaada wa kupanda, wakujibu kituo kipi kina mashine ya kuinulia. Na lile behewa la mkiani lenye kuba la kioo, ambalo kila mtu anapiga picha, lina ngazi nyembamba ya kupanda juu. Kama hawezi, asijilazimishe. Dirisha la kiti chake linatosha.

Chakula bebeni chenu. Ndani kuna vitu vidogo vya kununua, si mlo wa mgonjwa wa sukari. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya chai. Na kitu kitamu cha haraka mfukoni mwa mama mwenyewe, asilazimike kukuamsha.

Sasa niseme ningefanyaje mimi. Desemba singeichagua, na si kwa ajili ya chuma. Mwisho wa Desemba, mwanga wa mchana Prince Rupert haufiki saa nane. Ukitoka upande wa Jasper, treni inafika Terrace giza limeshaingia. Maana yake ule mwisho wa safari, ambapo mto Skeena unapanuka kuelekea bahari na milima inasimama majini, mama ataupita akitazama sura yake mwenyewe kwenye kioo. Atakuwa amelipia uzuri asiouona, kwenye wiki ambazo baridi na ucheleweshaji viko juu.

Yeye anakaa miezi minne. Mpeleke Machi. Mchana na usiku vinakaribia kulingana, baridi kali ya bara imelegea. Tena Machi samaki wadogo wenye mafuta huingia kwa wingi sehemu ya chini ya Skeena, na nyuma yao wanakuja sili, simba wa bahari na tai weupe kichwa. Maporomoko ya theluji bado yapo Machi, sikufichi, kwa hiyo acha siku mbili tupu kwenye ratiba yako endapo watafuta treni. Usimpangie ndege ya kurudi Tanzania wiki hiyohiyo.

Na ningeigeuza safari. Anzeni Prince Rupert. Kutoka Edmonton mnaruka hadi Vancouver, kisha Prince Rupert. Uwanja wa ndege uko kisiwani, mnavushwa kwa basi na kivuko, jambo ambalo mtu wa Tanga halimshangazi. Treni inaondoka asubuhi, mwanga ndio unakuja, na sehemu nzuri kuliko zote mnaipata mama akiwa hajachoka. Tena kadiri siku inavyosogea mnaukaribia mji mkubwa, Prince George, wala hamuuachi nyuma. Kwa mgonjwa, mwelekeo huo una maana.

Nauli ya ndege ikiwashinda, kuna njia ya tatu ambayo watu huidharau. Endesheni hadi Jasper, kama saa nne, mpande kipande cha kwanza tu hadi Prince George, mlale, mrudi na treni inayofuata. Mnakosa Skeena, lakini mnapata Yellowhead, mlima Robson ukijaaliwa kuwa wazi, na misitu ya misonobari na mierezi ya bonde la Fraser. Prince George ndipo pa kuamulia pia. Asubuhi yake pimeni sukari, tazameni miguu, muulizeni mama mwenyewe. Kama amechoka, hapo kuna hospitali kubwa, mabasi na uwanja wa ndege. Msione aibu kuikatiza safari.

Mkilala Prince George, mpeleke mama kwenye bustani iliyo kando ya mto Fraser, inayoitwa leo kwa jina la watu wa pale, Lheidli T'enneh. Hapo palikuwa kijiji chao. Kampuni ya reli ilinunua ardhi ile mwaka 1911, na mwaka 1913 watu wakahamishwa na nyumba zao zikachomwa moto. Sisi watu wa reli tunapenda kuhesabu madaraja na mahandaki, na kijiji kile hatukitaji. Naona mtoto wa gengi wa Mombo anastahili kuambiwa.

Lini nisingempeleka kabisa? Kama daktari amembadilishia insulini wiki chache zilizopita na bado hawajapata kipimo. Kama ana kidonda mguuni. Kama amewahi kuzimia kwa sukari kushuka miezi ya karibuni. Kama bima imekataa kisukari chake. Lolote kati ya hayo likiwepo, mpe treni fupi ya mchana mmoja karibu na nyumbani, na hii ingoje. Na mkiwa safarini, akianza kuchanganyikiwa maneno, kifua kikimbana, au sukari ikawa haipandi baada ya kula kitu kitamu, usingoje kituo, mwite mhudumu dakika hiyohiyo.

La mwisho ni kiti. Mkitokea Prince Rupert, mwombee mama upande wa kulia, maana mto utakuwa kulia kwake kuanzia baharini hadi pale reli inapouvuka Skeena karibu na Hazelton. Njia hii ni pana kuliko ya Mombo, milimita 1,435 kwa mita 1 ya kule, lakini mataruma, kokoto na watu wenye nyundo ni vilevile. Treni ikipunguza mwendo ikaingia pembeni na kusimama, msimuulize mhudumu kuna nini. Mwacheni mama aweke kiganja kwenye fremu ya dirisha. Aliyelala utotoni mwake kando ya njia atausikia mtetemo wa treni ya mizigo kabla hamjaiona, na wajukuu wamuulize inatokea upande gani.